Uhalisia Pepe: Mahali pa Kukosea Bila Kudhuru

Kila fundi ana siku yake ya kwanza. Iko siku dereva alishika usukani kwa mara ya kwanza, mkunga akapokea mtoto kwa mara ya kwanza, na daktari wa macho akakata jicho la mtu aliye hai kwa mara ya kwanza. Siku hiyo haimhusu mwanagenzi peke yake. Katika useremala hasara ya siku ya kwanza ni ubao ulioharibika. Katika upasuaji hasara yaweza kuwa jicho la mzee aliyekuja hospitali akitumaini kuona tena. Tangu kale jamii imelipa gharama hiyo kwa kuwa haikuwa na njia nyingine. Ufundi hupatikana kwa kutenda, na mwenye kutenda hukosea kabla hajaweza.

Katika miaka ya karibuni kumezungumzwa sana juu ya chombo kinachovaliwa usoni mfano wa miwani, ambacho humfanya mvaaji aone kana kwamba yumo mahali pengine kabisa. Elimu ya kutengeneza hali hiyo kwa njia ya kompyuta huitwa uhalisia pepe. Watu wengi hukijua chombo hiki kwa michezo na burudani. Lakini faida yake kubwa kwa maisha ya kila siku huenda ikawa katika jambo lile la siku ya kwanza: kumpa mwanagenzi mahali pa kukosea bila kumdhuru mtu.

MTAMBO ULIOTOKA KATIKA KIWANDA CHA VINANDA

Wazo la kujifunza ndani ya hali ya kuigiza limetangulia kompyuta. Mnamo mwaka 1929 Edwin Link, mkazi wa mji wa Binghamton katika jimbo la New York, Marekani, alitengeneza chombo cha kumfundishia rubani bila kuondoka ardhini. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, na Link alitumia mivukuto ileile iliyopuliza hewa katika vinanda ili kukiinamisha na kukigeuza chumba kidogo cha rubani. Mwanzoni chombo hicho kilichukuliwa kuwa kitu cha kuchezea katika viwanja vya burudani.

Mwaka 1934 mambo yalibadilika. Jeshi la anga la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kusafirisha barua, na marubani wake walilazimika kuruka usiku na ndani ya mawingu, wakiongozwa na vipimo tu. Wengi hawakuwa wamezoea kazi ya namna hiyo. Ndege kadhaa zilianguka katika muda mfupi na marubani wakapoteza maisha. Mwaka huohuo jeshi lilinunua mitambo sita ya Link. Katika Vita Kuu ya Pili mitambo hiyo iliwafundisha marubani kwa maelfu mengi, na hadi leo rubani wa ndege ya abiria hufanya sehemu kubwa ya mazoezi ya hatari, kama vile kuzimika kwa injini wakati wa kupaa, ndani ya mtambo wa kuigiza.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuutoa mtambo chumbani na kuuweka machoni. Mwaka 1968 mwanasayansi Ivan Sutherland, pamoja na wanafunzi wake, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani kilichochora mbele ya macho maumbo ya mistari mitupu. Mvaaji alipogeuza kichwa, picha nayo iligeuka ipasavyo. Chombo hicho kilikuwa kizito mno, hata ikabidi kining'inizwe darini. Katika miaka ya 1980 Jaron Lanier na kampuni yake ya VPL walianza kuuza miwani na glovu za aina hii, lakini bei yake iliweza kulipwa na maabara na mashirika makubwa tu.

Kilichoishusha bei hiyo ni simu ya mkononi. Simu za kisasa zilipoenea, viwanda vilianza kutengeneza kwa mamilioni vioo vidogo vyenye picha kali na vipimo vidogo vya kutambua mwendo. Vifaa hivyo ndivyo hasa vinavyohitajika katika miwani ya uhalisia pepe. Mwaka 2012 kampuni changa ya Oculus ilionyesha kwamba miwani nzuri yaweza kutengenezwa kwa vifaa vya namna hiyo, na mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilikubali kuinunua kwa kiasi cha dola bilioni 2. Kufikia mwaka 2024 miwani ya bei nafuu ya kampuni hiyo, ambayo sasa huitwa Meta, ilitolewa kwa dola 299, wakati ile ya kampuni ya Apple ilitolewa mwaka huohuo kwa dola 3,499.

JINSI MACHO YANAVYODANGANYWA

Ili kuelewa miwani hii inavyofanya kazi, yafaa kwanza kuelewa jinsi binadamu anavyotambua umbali. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe. Anyooshe kidole mbele ya uso, afumbe jicho moja, kisha afumbue hilo na kufumba la pili. Kidole kitaonekana kana kwamba kimeruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sababu ni kwamba macho mawili yameachana kwa kiasi cha sentimita 6 hivi, na kwa hiyo kila moja huona picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Ubongo hulinganisha picha hizo mbili na kukadiria umbali. Mnamo mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza jambo hili, na kwa vioo viwili akaonyesha kwamba michoro miwili bapa, kila mmoja ukitazamwa na jicho lake, huonekana kuwa kitu kimoja chenye kina.

Miwani ya uhalisia pepe hufuata kanuni hiyohiyo. Ndani yake kila jicho huonyeshwa picha yake kupitia lenzi. Lakini kina peke yake hakitoshi. Kinachomfanya mtu aamini kwamba yumo mahali fulani ni kule picha kutii mwendo wa kichwa chake. Akitazama juu aone dari; akiinama aone sakafu; akisogea kando aone ubavu wa meza. Vipimo vya miwani hutambua kila mwendo, na kompyuta huchora upya mandhari yote. Kazi hiyo yahitaji kufanyika upesi mno. Vyombo vingi huonyesha picha 90 kwa kila sekunde, na wataalamu hutaka muda kati ya kugeuka kwa kichwa na kubadilika kwa picha usizidi kiasi cha sehemu 20 za elfu ya sekunde.

Picha ikichelewa, mwili hukataa. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye umajimaji ambayo huujulisha ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka. Macho yakisema "tunakwenda" na sikio likasema "tumetulia", ubongo hupokea habari zinazopingana, na matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu. Abiria wa jahazi anayekaa chini ya sitaha hupatwa na jambo hilohilo kwa kinyume: sikio lake hutambua mawimbi, na macho yake huona mbao zisizosogea.

JE, MAZOEZI HUHAMIA KATIKA KAZI YA KWELI?

Swali kuu la kisayansi ni kama yale yanayofunzwa katika mahali pa kuigiza hubaki mkononi mwa mwanagenzi anapofika penye kazi yenyewe. Mtu aweza kuwa hodari wa mchezo na bado asiijue kazi.

Jaribio moja lililotangazwa mwaka 2002 na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilitoa jibu la wazi. Madaktari wanagenzi 16 waliokuwa wakijifunza kutoa mfuko wa nyongo kwa kupitisha vyombo vyembamba katika matundu madogo ya tumbo waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza liliongezewa mazoezi katika mtambo wa kuigiza, la pili likafuata mafunzo ya kawaida. Kisha wote walifanya upasuaji wa kweli wakisimamiwa, na kazi yao ikapimwa na wakaguzi wasiojua nani alitoka kundi lipi. Waliotumia mtambo walimaliza kazi kwa muda uliopungua kwa asilimia 29. Uwezekano wa kujeruhi mfuko wa nyongo au kuunguza nyama isiyohusika ulikuwa mara tano zaidi kwa wale ambao hawakuutumia.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika jaribio hilo. Kwanza, mtambo wenyewe ulikuwa sahili: mwanagenzi alitazama kioo cha kawaida cha kompyuta na kushika vishikizo vilivyofanana na vyombo vya upasuaji. Pili, mwanagenzi hakuruhusiwa kuacha mazoezi kwa sababu tu saa zimekwisha. Aliendelea mpaka alipofikia kipimo kilichowekwa na madaktari wenye uzoefu. Kwa hiyo faida kubwa ilitokana na kurudia, kupimwa na kusahihishwa.

Ushahidi mwingine unawahusu madaktari wa Afrika moja kwa moja. Mtoto wa jicho ni miongoni mwa sababu kubwa za upofu duniani, na hutibika kwa upasuaji. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021, madaktari waliokuwa wakisomea magonjwa ya macho katika nchi za Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao walipewa mafunzo makali ya siku chache mjini Cape Town, ambako walifanya upasuaji mara nyingi juu ya macho ya bandia kabla ya kurejea makwao. Wale waliopata mafunzo hayo walionyesha ustadi mkubwa zaidi, na katika mwaka uliofuata walifanya upasuaji mwingi zaidi kuliko wenzao huku utando wa nyuma wa lenzi, ambao kupasuka kwake huhatarisha uoni wa mgonjwa, ukipasuka mara chache zaidi.

Macho hayo ya bandia hayakuwa uhalisia pepe. Lakini yanathibitisha kanuni ileile, na yanatoa onyo jema: chombo cha bei kubwa si sharti la kuanza. Kile ambacho miwani inaweza kuongeza ni wingi na namna za mazoezi. Jicho la bandia likikatwa limekwisha. Jicho lililochorwa na kompyuta hurudi zima kila mara, na laweza kufanywa kuwa na kila kasoro ambayo daktari angeisubiri miaka kuikuta.

KUTOKA HOSPITALI HADI DUKANI

Yaliyoanza kwa marubani na wapasuaji sasa yanashuka hadi kazi za kawaida. Mwaka 2018 kampuni ya maduka ya Walmart ya Marekani ilitangaza mpango wa kupeleka miwani zaidi ya 17,000 katika maduka yake ili kuwafundishia wafanyakazi, wakiwemo wale wanaowahudumia wateja katika siku za msongamano. Kwa mwelekeo huo si vigumu kuona mbele. Fundi wa umeme huenda akajifunza kufanya kazi juu ya nguzo yenye nyaya za msongo mkubwa kabla hajaipanda nguzo hata moja. Dereva wa basi huenda akakutana na breki zilizokatika mteremkoni mara hamsini, bila ya abiria hata mmoja kuwa hatarini. Muuguzi huenda akazoea kumhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua, hali ambayo haimpi mtu nafasi ya kufungua kitabu. Shule isiyo na maabara ya kemia huenda ikawaonyesha wanafunzi majaribio ambayo yangehitaji tindikali kali na vyombo vya gharama.

Katika tiba yenyewe miwani hii imekwisha kupata nafasi. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walitangaza jaribio ambalo watu wenye hofu ya kuwa mahali pa juu walipitishwa hatua kwa hatua katika madaraja, roshani na lifti zilizochorwa na kompyuta, na hofu yao ikapungua. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, wakiongozwa na Hunter Hoffman na David Patterson, waliwavalisha miwani wagonjwa walioungua wakati wa kusafishwa vidonda. Mgonjwa alijiona akipita katika bonde la barafu na kurusha matonge ya theluji, na akaeleza kuwa maumivu yamepungua. Maelezo ya wataalamu ni kwamba maumivu yanahitaji kuangaliwa na akili; akili ikishughulishwa kwingine, hubakiwa na nafasi ndogo ya kuyaangalia. Mwezi Novemba 2021 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliidhinisha matumizi ya mtambo wa uhalisia pepe, kwa maagizo ya daktari, katika kutuliza maumivu sugu ya kiuno.

KUZURU BILA KUHARIBU

Kanuni ya kutodhuru inahusu pia urithi wa taifa. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, msafara wa Mary Leakey ulikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano kiasi cha miaka milioni 3.66 iliyopita. Nyayo hizo zilifukiwa ili zisiharibiwe na mvua na wanyama. Baadaye ilionekana kwamba miti iliyoota juu yake ilitishia kuzipasua kwa mizizi, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walizifukua, wakaitoa mizizi hiyo, kisha wakazifunika tena kwa tabaka za udongo na mawe. Hatua hiyo iliuhifadhi urithi, lakini pia iliuficha machoni pa wananchi. Nakala ya kompyuta iliyopimwa kwa uangalifu inaweza kumwezesha mwanafunzi wa Mtwara au Bukoba kuinama na kuutazama unyayo ule kwa ukubwa wake halisi, bila mguu wake mwenyewe kugusa jivu lile.

MIPAKA NA HATARI

Kama vilivyo vyombo vyote, hiki nacho kina upande wa pili. Uchovu wa macho na kizunguzungu vimepungua lakini havijaisha, na watu hawafanani katika kuvistahimili. Aidha, mguso bado ni mgumu kuigiza. Mkono unaoshika nyama ya kompyuta hausikii uzito, joto wala utelezi wake, na mwanagenzi aliyezoea hali hiyo aweza kujiamini kupita kiasi. Ndiyo maana mtambo mzuri hutayarisha kwa ajili ya mwalimu wa kweli na kazi ya kweli. Hauwezi kushika mahali pao.

Hatari isiyoonekana upesi ni ya siri za mtu. Ili ifanye kazi, miwani lazima ipime mwendo wa kichwa na mikono kila nukta. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao, walichunguza kumbukumbu za mwendo za wachezaji zaidi ya 50,000 wa mchezo mmoja wa uhalisia pepe. Kwa kutumia mwendo wa sekunde 100 tu, kompyuta iliweza kumtambua mchezaji mmoja kati ya wote hao kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94. Namna mtu anavyogeuza shingo na kunyoosha mkono, basi, humtambulisha kama alama ya kidole, naye hawezi kuivua.

Kwa hiyo shule, hospitali au kiwanda kitakachowavalisha watu wake miwani hii kitakuwa kinakusanya habari zao za ndani, na kuna haja ya kuuliza habari hizo zinahifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuzitumia. Mwajiri aweza kutaka kujua nani alisitasita mazoezini. Kampuni ya matangazo yaweza kutaka kujua jicho la nani lilitua juu ya bidhaa ipi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023. Sheria hizo ni msingi mzuri. Lakini mwanagenzi anayeambiwa avae miwani au akose mafunzo hana uhuru mkubwa wa kukataa, na hapo ndipo usimamizi unapohitajika zaidi.

Liko pia suala la lugha na mazingira. Mtambo wa kumfundishia dereva uliotengenezwa kwa barabara za California hautamfundisha juu ya ng'ombe wanaokatiza barabara ya vumbi wala pikipiki inayopita kushoto. Mtambo wa muuguzi unaozungumza lugha ya kigeni utampima kwa lugha badala ya uuguzi. Mazoezi yenye manufaa lazima yatungwe na wanaoijua kazi mahali inapofanyika.

YANAYOPASA KUFANYWA

Ni dhahiri kwamba thamani ya uhalisia pepe haitapimwa kwa wingi wa miwani itakayonunuliwa. Itapimwa penye kazi yenyewe: kama majeraha yamepungua, kama vifo vimepungua, kama mgonjwa wa kwanza wa daktari mpya yuko salama kuliko alivyokuwa zamani. Chuo kinachofikiria kununua vyombo hivi chafaa kianze kwa kuorodhesha makosa ambayo wanagenzi wake hufanya mara nyingi na yale yanayogharimu zaidi, kiweke kipimo cha ustadi, kisha kichague chombo kinachofaa kwa kila kosa. Kwa baadhi ya makosa jibu litakuwa miwani. Kwa mengine litakuwa jicho la bandia, au mwanasesere wa kufundishia wakunga, na mwalimu mwenye subira.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kwa wapasuaji, marubani na mafundi wa umeme usemi huo haukuwa kweli sikuzote, kwa kuwa mara nyingi aliyeanguka alikuwa mtu mwingine. Elimu ya leo inaweza kuwapa nao mahali pa kujikwaa. Na yule mzee wa mtoto wa jicho, ambaye pengine hatavaa miwani hiyo maishani mwake, ndiye atakayekuwa wa kwanza kunufaika nayo.